Kichuma cha Baba

Baba alihamia kwangu Nkuhungu mwaka 2021, miezi michache baada ya kumzika mama, nyumba ya Mvumi ilipomwelemea peke yake. Alikuja na sanduku moja la nguo, madaftari ya nyimbo yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kichuma chake cha kupatia sauti, kile chenye meno mawili kama uma. Kwa kichuma hicho na ubao wa do-re-mi alifundisha kwaya zaidi ya miaka thelathini, kanisani hakuna kinanda wala spika. Mimi, kitinda mimba wake, sikujifunza kitu. Alipokaa pale sebuleni na madaftari yake mapajani ndipo nilipoona muda unaniacha. Nilitaka nijifunze angali hai, anisikie.

Nikanunua kinanda cha vibonye 61 kwa kijana mmoja aliyekuwa akipigia kwaya mjini. Nikakifunika kanga, maana upepo wa Agosti hapa Dodoma hupenyeza vumbi hata kwenye kabati lililofungwa. Kwenye laptopu nikaweka programu ya kujifunzia: nota zinashuka kama mvua kuelekea picha ya vibonye, na usipobonyeza penyewe, zinasimama zikusubiri. Mwalimu asiyechoka, nikajiambia. Ila lazima kwanza kinanda na laptopu vijuane.

Jumamosi asubuhi nikachukua waya wa hedifoni, upande mmoja kwenye kinanda, upande wa pili kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Kimya. Nota zimesimama hewani, nami nabonyeza mpaka vidole vinauma. Nilidhani kompyuta inasikiliza kama mtu anavyosikiliza.

Kijana wa steshenari ya mtaani kwetu ndiye aliyenifungua macho. Kinachotakiwa kusafiri kwenye waya, alisema, si sauti. Ni taarifa: kibonye namba fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, sasa kimeachiwa. C ya katikati, nota iliyo katikati ya kinanda, ni namba 60. Nguvu ya kidole nayo ina namba yake, mwisho 127. Utaratibu wenyewe unaitwa MIDI, na upo tangu 1983, watengenezaji wa vinanda walipokubaliana vyombo vyao vizungumze lugha moja. Akaniuliza kama nyuma ya kinanda kuna tundu la USB la mraba. Lipo. Akainama, akachomoa waya wa printa yake, akanipa. "Ni huu huu. Jumatatu uurudishe, kaka, nina kazi za watu."

Niliporudi, programu haikukiona kinanda mpaka nilipoifunga na kuifungua upya waya ukiwa umeshachomekwa. Kisha sauti ya laptopu ikawa inachelewa: unabonyeza, ndipo inakuja, kama mwangwi wa mlimani. Hilo nililimaliza kwa kuizima sauti ya laptopu kabisa na kukiacha kinanda kijiimbie chenyewe. Laptopu kazi yake iwe kusoma tu.

Lililonishinda ni la tatu. Nabonyeza C, kwenye skrini inawaka D. Nabonyeza D, inawaka E. Kila kibonye kimesogea, na programu inanihesabia makosa mekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikabadilisha tundu la waya. Nikazima laptopu nikaiwasha. Nikaifuta programu na kuipakua upya, bando likaisha, nikaongeza jingine. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Baba alikuwa nje chini ya mwarobaini, dirisha liko wazi, na hakusema neno.

Jua lilipoanza kupungua aliingia taratibu na fimbo yake, akaketi kwenye kiti kando yangu.

"Piga A," akasema.

Nikapiga. Akatoa kichuma mfuko wa shati, akakigonga kwenye goti, akaweka shina lake kwenye mfupa nyuma ya sikio langu. Sijasahau ile hali. Sauti haikutoka nje. Ilikuwa ndani ya kichwa, nyembamba, imenyooka kama uzi. Kwenye chuma pameandikwa A 440, mitetemo 440 kwa sekunde moja, maandishi yamelika kwa vidole vyake.

"Sasa piga tena."

Nikapiga, nami nikasikia. Kinanda kilikuwa juu.

"Kimepandishwa hatua nzima, mwanangu. Tangu asubuhi nakisikia."

"Sasa Baba, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nikatafuta kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo. Kwenye kioo kidogo cha kinanda ikatokea +2, yaani nusu hatua mbili, ndiyo hatua nzima ya Baba. Yule kijana aliyeniuzia alikuwa na mazoea ya wapigaji wengi wa makanisani: anapiga kila wimbo kwa C, kisha anakipandisha kinanda mpaka pale kwaya yake inapopaweza. Na kinanda hiki hakikupandisha sauti tu, kilipandisha na namba zinazopita kwenye waya. A hiyo ya kichuma ni namba 69. Mimi nilikuwa napeleka 71, na laptopu ikaandika ilichopelekewa. Nikarudisha sifuri. Nikabonyeza C, ikawaka C. Nilishangilia peke yangu mle sebuleni kama mtu aliyefunga goli.

Baba alikuwa anaitazama skrini, kichwa amekiinamisha upande. Masikio yake yalifunzwa kwanza na ilimba, ala ya vichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze huko Ugogo, kabla hajauona ubao wa do-re-mi, na picha hii ya herufi ilimpa shida.

"Do iko wapi hapa?"

Nikamwonyesha C.

"Hiyo ni C. Nauliza do. Do ni mwanzo wa wimbo, inahama na ufunguo, leo iko hapa, kesho iko G. Hawa wameipigilia msumari." Akaniambia nisiguse kibonye chochote kabla sijakiimba. Zoezi la kwanza lilikuwa wimbo wa nota tano, mkono wa kulia peke yake. Nikauimba kwa aibu, do, re, mi, yeye akinirekebisha kwa kidole, juu kidogo, chini kidogo.

Kisha nikauanza kwenye kinanda, naye akashika besi, kwa pumzi ile aliyobakiwa nayo. Do, re, halafu kidole cha tatu kikapotea. Nota kwenye skrini zikasimama kunisubiri. Baba naye akaishikilia do yake ya chini, shingo imetoka mishipa, mpaka nilipoipata mi.