Kuhamia chuo Zanzibar: anza na krediti, bahari baadaye

Wengi huchagua Zanzibar kwa utulivu wake. Sawa, lakini kinachoamua uhamisho ni krediti, yaani kipimo cha kazi ya masomo uliyofanya. Nchini shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, takriban 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa kumi za masomo. Chuo kipya hulinganisha maudhui, si jina la somo tu. Kwa hiyo, pamoja na transkripti, omba muhtasari wa kila somo ulilofaulu, wenye mhuri. Ukiukosa, unaweza kurudishwa mwaka wa kwanza.

Hakikisha pia programu yenyewe imeidhinishwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), si chuo tu. Wenye mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) waulize mapema jinsi mkopo huo utakavyohamishwa.

SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) ina kampasi nyingi: Tunguu, Vuga, Beit el Ras, hadi Pemba. Usipange chumba Mji Mkongwe kabla ya kujua utasomea wapi. Tunguu ni safari ya daladala kila siku, na jioni magari hupungua. Zanzibar University nayo iko Tunguu, na Chuo Kikuu cha Sumait kiko Chukwani.