Ngoma ya Mashine katika Metali Nzito

Wapenzi wengi wa metali hushikilia kwamba muziki huu hauna uzito wa kweli pasipo mpiga ngoma anayetokwa na jasho jukwaani. Mimi siafikiani nao. Albamu tatu ninazozirudia kuliko nyingine zote katika metali ya majaribio zina ngoma zilizopangwa kwa mashine au kompyuta, na naamini kwamba uzito wake unatokana hasa na jambo hilo.

Ya kwanza ni Streetcleaner ya Godflesh, iliyotoka mwaka 1989. Kundi hili lilitoka Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza ulioizaa pia Black Sabbath, bendi iliyoanzisha metali, na kiini chake kilikuwa watu wawili tu: Justin Broadrick aliyeimba na kupiga gitaa, na G. C. Green aliyeshika besi. Kazi ya ngoma waliiachia mashine, na Broadrick, ambaye alivutiwa sana na hip hop, aliipangia midundo mizito ya polepole, isiyofanana kabisa na mbio za bendi nyingi za metali za wakati ule. Ukisikiliza "Christbait Rising" utaona ninachosema: besi inakwaruza chini kabisa, gitaa linapiga mayowe juu yake, na mdundo unarudi palepale kwa nguvu ileile, mwimbaji awe anaunguruma au amenyamaza. Mpiga ngoma binadamu angekazana kidogo pale hisia zinapopanda, maana angemhurumia mwenzake. Mashine haina huruma hiyo, na ndiyo sababu albamu hii inatisha hadi leo.

Kuhusu Catch Thirtythree ya Meshuggah wa Uswidi, ya mwaka 2005, nitasema machache. Ni utunzi mmoja wa dakika zipatazo 47 uliogawanywa vipande 13, na ngoma zake zilipangwa kwa programu ya kompyuta ilhali bendi ina Tomas Haake, mmoja wa wapiga ngoma hodari kuliko wote katika fani hii. Kwa hiyo mashine haikuwa kimbilio la wasio na mpigaji. Hata hivyo, kipande kirefu kuliko vyote, kinachozidi dakika 13, hunichosha.

Ya tatu ni ya kwetu: Duma, albamu ya wanamuziki wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, iliyotolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hapa mashine inafanya kinyume cha ile ya Godflesh, kwani inakimbia mno hata mapigo yanaungana na kuwa ukuta mmoja wa kelele, huku Khanja akipiga ukelele ndani yake. Msikilizaji wa Ulaya huenda akaona kasi hiyo ni ya ajabu, lakini sikio lililozoea singeli, muziki wa kasi kubwa wa Dar es Salaam, ambao lebo hiyohiyo iliusambaza mwaka 2017 katika mkusanyiko wa Sounds of Sisso, litaifuata bila taabu. Kasoro ninayoiona ni kwamba mara nyingi sauti ya Khanja inafunikwa. Katika albamu ya The Adept, aliyoitoa peke yake mwaka 2024 kwa jina la Lord Spikeheart, anasikika vizuri zaidi, ila wageni walioalikwa ni wengi, na mimi bado naichagua Duma kwa sababu ya ukaidi wake.