Watakuja Wenyewe

Tumerudi Lubumbashi salama, binti wa yaya, mkubwa wangu, ameolewa, kazini nimehamishiwa ofisi ya juu. Mimi lakini bado niko uani, Ijumaa ile jioni kabla ya safari, shemeji ameshika bia yake anatazama mfuko wangu wa vifaa vya gari.

"Unaenda ku ndoa ao unaenda kufungua garaji?"

Hilo nililicheka. La pili ndilo limenikaa: "Mwanamke akisimama pembeni ya barabara, wanaume wanakuja wenyewe."

Uani kote kicheko. Baba watoto naye alicheka, kwa pua, akidhani sijamwona.

Tangu hapo namjibu shemeji moyoni. Namjibu nikisonga bukari, yaani ugali, namjibu nikisuka nywele za mtoto. Wanakuja, shemeji, nakubali. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi, Kolwezi ni karibu 300. Sasa niambie, katikati hapo, giza limeingia, malori ya shaba yanapita na vumbi lao: anayekuja ni nani? Na akishakuja, anataka nini? Mfuko ule ni wa kunifanya niondoke kabla hajafika.

Wala si mzigo, unaingia chini ya kiti. Spana ya 10 ya vichwa vya betri. Spana ya magurudumu ya 21, ndiyo saizi ya nati za Toyota yetu, pamoja na kipande cha bomba la kurefusha mpini, maana vijana wa pine, wale wa matairi, hukaza kwa mashine ya upepo, mkono mtupu hauwezi. Fyuzi za akiba. Tochi ya kuvaa kichwani. Kibao cha kuweka chini ya jeki, kwa sababu mvua ikinyesha jeki inazama kwenye tope. Pembetatu ya tahadhari na kizimamoto viko nyuma, hivyo viwili polisi wataviuliza tu.

Jana mdogo wangu wa mwisho, yule mwembamba, aliomba kujaribu. Nikamwambia nati inalegezwa gurudumu likiwa bado chini, ndipo unapandisha jeki. Akapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili. Nati ikalia kwii! Akaruka, akapiga vigelegele hadi jirani akachungulia ukutani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sasa anataka kufungua zote nne.

Ila Mama, nimegundua, anameza dawa za presha siku moja anaacha siku moja, eti zisiishe haraka. Sijui nimwanzie wapi.