Karatasi ya shabaha: usitafute iliyo imara

Mtu akiingia duka la vifaa vya ofisi hapa Malindi kutafuta karatasi ya shabaha, mkono humwenda kwenye ile ngumu kuchanika, akidhani itahimili risasi. Kosa huanzia hapo. Karatasi haitakiwi kuhimili chochote. Inatakiwa ikatike pale risasi ilipopita, na pembeni pasiguswe. (Haya ni kwa wenye leseni na wanaolenga katika viwanja vilivyoruhusiwa.)

Siri imo nyuzini. Karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari, ina nyuzi ndefu. Risasi ya kichwa cha mviringo huzisukuma kando badala ya kuzikata, kisha zikarudi mahali pake. Unabaki na tundu dogo kuliko risasi yenyewe, na ndimi tatu nne zimepasukia nyuma. Karatasi ya kalenda inayong'aa nayo haifai: tabaka lake la juu hubanduka vipande vipande, na jua la saa nne likiipiga huoni duara. Ya fotokopi, gramu 80 kwa mita mraba, ikining'inia peke yake hupasuka kama nyota.

Kwa bei na upatikanaji, chukua manila nyeupe isiyong'aa. Kabla ya kulipa, omba kipande ukichane. Ukingo ukitoa nywele ndefu, rudisha. Ukikatika mfupi na kumong'onyoka kidogo, hiyo ndiyo. Kadi za mashindano pia huwa hivyo: nzito kiasi, kavu, dhaifu kwa makusudi.

Adui mkubwa wa pwani ni unyevu. Nyuzi zikinywa maji hulegea na hazikatiki tena, na karatasi hutanuka zaidi kukata mkondo wa nyuzi kuliko kuufuata, hivyo duara hugeuka yai. Ili kujua mkondo, lowesha kipande upande mmoja: kitajikunja mrija, na mrija huo umelala sambamba na nyuzi. Msimu wa masika hifadhi karatasi kwenye debe lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Wa Lamu wenye nyumba za mawe, msiziegemeze ukutani. Kuta zile hunyonya maji na kuyatoa polepole. Na usizianike juani, zitapinda.

Ukichapisha mwenyewe, zuia kompyuta isipunguze picha ili iingie ukurasani, kisha pima kwa rula. Shabaha ya bunduki ya mita 50 ya kimataifa ina duara la alama kumi la milimita 10.4 na duara la nje la 154.4. Pima hilo la nje, kosa huonekana upesi zaidi. Pima wima na ulalo. Wino wa maji hutawanyika kwenye unyevu. Wa unga, wa printa za leza, hautawanyiki.

Mgongo wa shabaha ni nusu ya kazi. Hata manila nzuri ikipepea kwenye upepo wa kusi itachanika. Ibandike juu ya boksi bapa kwa gundi nyepesi ya unga wa ngano, uso mzima, si pembe nne tu, na uiache ikauke usiku kucha chini ya ubao. Gundi ikiwa nzito italowesha karatasi na kuleta mikunjo. Boksi likishatobolewa katikati, libadilishe: pasipo na kitu nyuma, tundu linalofuata litararuka.

Kwa bunduki ya upepo ya milimita 4.5 tumia vijirisasi vya kichwa bapa, hukata kama mashine ya kutoboa karatasi. Vya ncha kali huacha tundu la kubahatisha.

Sasa kupima kundi, yaani umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Wengi hupima ukingo wa nje hadi ukingo wa nje kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo), wakatoa kipenyo cha risasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Si sawa, maana tundu limejirudi. Tafuta tundu moja lililojitenga kwenye karatasi ile ile, upime hilo. Tuseme nje hadi nje ni milimita 31.6, na tundu ni 5.2: kundi ni 26.4. Ungetoa 5.6 ya pakiti ungejipa 26.0, zawadi ya bure. Kipete cha kijivu kinachoachwa na risasi ukingoni nacho husaidia, kinaonyesha upana halisi pale nyuzi zilipofunika. Pima hapo hapo kiwanjani, kabla hujaikunja na kuitia mfukoni.