Siku moja maishani mwangu: mtunza kumbukumbu wa sato wa vizimba

Nikisema natunza kumbukumbu za samaki, watu hudhani nashinda kwenye kiyoyozi nabofya kompyuta. Ofisi yangu ni kontena kando ya Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Mali ninayoitunza ni sato (tilapia) wanaofugwa ziwani kwenye vizimba vya nyavu; iko ndani ya maji na haionekani kwa macho.

Saa 11 alfajiri niko macho. Saa 12 na nusu napokea daftari la walinzi wa usiku: samaki waliokufa kwa kila kizimba na mifuko ya chakula iliyobaki. Naingiza yote kwenye ratiba kabla ya chai.

Ratiba yenyewe iko kwenye ProjectLibre, programu ya bure ya kupangia miradi kama ile ya wakandarasi wa majengo na barabara. Sisi kila kizimba tumekifanya mradi. Kupandikiza vifaranga, kulisha, kutenganisha wakubwa na wadogo, kusimamisha chakula, kuvuna: kila kazi inasubiri iliyoitangulia, na moja ikichelewa zote zinazofuata zinasogea mbele zenyewe. Chakula tumekiingiza pale mkandarasi anapoingiza saruji. Kalenda yake ilikuja na wiki ya siku 5, saa 8 kwa siku. Sato anakula Jumapili na anakua sikukuu, kwa hiyo tuliibadilisha iwe siku 7. Idadi ya walio hai na uzito wa wastani havikuwa na mahali, tukaviongezea safu zake.

Saa 2 tunaingia kwenye boti kuchukua sampuli. Leo tumepima samaki 60 wa kizimba namba 7, mizani ikasoma kilo 10.8. Wastani ni gramu 180, wakati ratiba ilitarajia 210. Kizimba kina samaki 4,900. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao, wanastahili kama kilo 26 na nusu kwa siku. Kwa uzito wa ratiba wangemwagiwa karibu kilo 31, na chakula kisicholiwa kinazama na kuchafua maji. Pale pale botini nikamwambia mlishaji apunguze.

Saa 5 akaja mteja.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hakuna tena kungoja kivuko, mtu anatoka Mwanza mjini akiamua tu. Huyu alikuja na pikapu yenye masanduku ya barafu. Oda yake ilikuwa ya wiki ijayo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Samaki wangu wako wapi?"

Nikamweleza kwamba bado wanakula. Kabla ya kuvuna tunawafungia chakula siku nzima, kwa sababu samaki mwenye tumbo lililojaa anaharibika upesi hata ukimlaza kwenye barafu. Nikamfungulia ratiba nikamwonyesha mstari wa kizimba chake. Hakutaka hata kuutazama.

"Mwanangu, mimi nanunua samaki kabla hujazaliwa. Samaki hakai kwenye kompyuta."

Akampigia meneja. Akakaa kwenye benchi mlangoni, akasimama, akapiga tena. Vijana wangu wakaanza kusema apewe tu aondoke. Nikakataa. Nikamvalisha jaketi la kuokolea, tukaenda naye mpaka kizimbani, akachota mwenyewe samaki 10 na kuwapima mwenyewe: kilo 4.3.

"Mzee wangu, hawa ni gramu 430. Wewe umeandika nusu kilo. Ukiwapeleka hawa, mnunuzi wako atakulaumu wewe."

Akanyamaza. Tukarudi ufukweni, na huko simu ya meneja ikaingia: "Msikilize dada wa ratiba." Hata hivyo ilichukua muda mrefu, akipanga na kupangua bei, hadi barafu ikaanza kuvuja chini ya gari. Mwishowe akakubali tarehe tuliyoandikiana. Aliaga vizuri, na mimi nilifurahi, maana tungevua siku ile tungempoteza yeye pamoja na samaki.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Lori la chakula likaja, mifuko ikahesabiwa juani. Gugumaji likaziba njia ya boti, ikabidi kulisukuma kwa miti. Chakula cha mchana nilikila jua likiwa limeshainama, miguu ikiwaka moto.

Lakini kizimba namba 7 kilikuwa kinanisubiri. Kwa ukuaji wa gramu 2 na nusu kwa siku, wale sato wamebaki nyuma siku 12. Nilipoweka uzito mpya na kuongeza siku 12 kwenye kazi ya kulisha, uvunaji ukasogea, na ghafla vizimba viwili vikagombea boti moja siku ile ile. Niliuona mgongano huo kwenye ratiba. Kimoja nikakihamishia kesho yake. Kisha nikampigia mzalishaji wa vifaranga asilete mzigo kwa tarehe ya zamani, kwa kuwa kizimba bado kina wenyewe. Akalalamika kwamba mabwawa yake yamejaa, tukabishana, akakubali kuwashikilia hizo siku 12. Nikamtumia meneja ratiba mpya, nikafunga kontena.