Jiwe Lenye Risasi

Siku nne za kutoka Tunduma mpaka Lubumbashi sina la kusimulia, ni vumbi na foleni za malori tu. Nianzie Likasi, mji wa migodi huko Kongo, kwenye gesti ya dola 30 ambayo maji ya kuoga huletwa kwa ndoo, tena nusu ndoo. Kwa hela hiyo kwetu Morogoro ningelala siku tatu na chapati juu.

Asubuhi ya kuondoka, kijana mmoja stendi akanionyesha jiwe jeusi lililogandwa na manjano kama ya binzari. "Iko ya Shinkolobwe, patron," yaani mgodi wa urani ulio karibu na Likasi. Alitaka dola 10, tukamalizana kwa 4. Nikalitia mfuko wa shati, nikapanda basi.

Mzee niliyekaa naye alinikodolea kifua kwa muda. "Papa, toa ile jiwe mu mfuko. Iko na risasi."

Nikacheka. Risasi bila bunduki? Yeye hakucheka. Alikuwa amezeekea maabara ya mgodi, na somo lilianza hapohapo. Hayo manjano, alisema, ni madini yaitwayo kasolaiti: risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), urani, silika na maji. Urani huoza, yaani hutoa mionzi na kugeuka kitu kingine, taratibu mno, miaka bilioni 4.5 kwa nusu yake tu, na mwisho wa kuoza huko ni risasi. Kumbe madini ya risasi yanaweza kuzaliwa tumboni mwa madini mengine! Alfred Schoep, Mbelgiji, ndiye aliyeyaeleza mwaka 1921, akayapa jina la Kasolo, mahali palepale mgodini. Mwaka huohuo akaeleza mengine ya risasi na urani, ya rangi ya chungwa, akayaita kuraiti kwa heshima ya mwanafizikia Mfaransa, Pierre Curie. Jiwe haliwi jipya kwa kuokotwa, mzee akasisitiza. Mpaka lipimwe kilichomo, fuwele zake zichunguzwe, lionekane halifanani na lolote lililokwisha kuandikwa.

Nikaikumbuka Uluguru. Mwaka 1906 mkemia Mjerumani, Marckwald, alieleza madini mapya ya urani kutoka milima ile, akayaita rutherfordini, kwa jina la Rutherford, mwanafizikia wa mionzi. Nimekulia chini yake na sikuwahi kulisikia. Kasolo angalau wameachiwa jina lao.

Mzee alilifunga jiwe kwenye mfuko wa nailoni, akalisukuma mbali na miguu yetu. Lubumbashi akashuka nalo, eti anajua pa kulipeleka. Nilipogeuka, alikuwa ananong'ona na kijana mmoja, nailoni mkononi.

Dola 4 zangu.