Kitabu mimi hukifungua katikati

Bajeti yangu ya vitabu ni elfu ishirini kwa mwezi, na mshahara ukichelewa nayo inachelewa. Kwa hela hiyo, hapa Dar, napata riwaya moja ya Kiswahili na chenji ya nauli, basi. Kwa hiyo nikiingia dukani sina haraka. Kijana anayeuza kwenye duka ninalolizoea pale Samora alishaacha kuniuliza "Nikusaidie nini, dada?" Ananisogezea stuli tu.

Maduka yetu mengi ya vitabu yanaishi kwa shule. Januari usiende: wazazi wamejaa na orodha mkononi, madaftari yamepangwa hadi mlangoni, riwaya zimesukumwa nyuma ya atlasi. Na hata rafu ya riwaya ina vitabu vya uchambuzi kibao. Jina la riwaya limeandikwa kwa herufi kubwa, neno "Uchambuzi" limejibanza pembeni. Kwa mwenye mtihani, sawa. Mimi mitihani nilishamaliza.

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, siku nzima ni nyaraka, kwa hiyo macho yanakimbilia ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu kabla ya kitu kingine. Nani kachapisha, wapi, mwaka gani. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, yenye 9976 au 9987 baada ya 978 ni ya Tanzania. 9966 ni ya Kenya. Kitabu kisicho na mchapishaji wala mwaka, maandishi yamefifia kama risiti ya Luku, hicho kimetolewa kopi mahali na mwandishi haambulii hata senti. Nakirudisha. Kisha nafuata namba za kurasa kwa kidole gumba. Kurasa huchapwa kwenye karatasi kubwa ambazo baadaye hukunjwa, mara nyingi kurasa 16 kwa mkunjo, kwa hiyo mkunjo mmoja ukirukwa kiwandani hukosi ukurasa, unakosa kipande kizima cha hadithi.

Hayo ni ya karani. Usomaji wenyewe unaanza nikifungua katikati.

Maneno ya jalada la nyuma siyasomi. Pale kila riwaya "inasisimua". Ukurasa wa kwanza nao mwandishi kaupiga pasi akaurudia. Katikati ndiko alikoanza kuchoka, na ndiko unakomjua. Natafuta mahali watu wanazungumza. Mke akimwambia mumewe, "Mume wangu, kama unavyojua, tumeishi hapa Temeke miaka kumi tangu ulipohamishwa kikazi," nafunga. Hakuna mke wa Temeke anayeongea hivyo. Huyo ni mwandishi, ananipa taarifa mimi kwa mdomo wa mke wa mtu. Mke mwenyewe angeuliza, "Mkate uko wapi?" na kwa namna mume atakavyojibu ningeijua ndoa yao yote.

Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979, niliichukua kwa sababu za kikazi. Inahusu makuli wa bandari ya Zanzibar na madai yao, na mambo ya bandari nayajua, kwa hiyo nilikuwa nawinda kosa. Nikajikuta nagombana na mabwana wa kazi nikiwa upande wa Rashidi, kuli wa humo.

Kwenye tafsiri natafuta jina la mfasiri, likifichwa, nashuku. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza 1994. Tumekaa hadi 2022, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Nobel ya fasihi, ndipo ikatufikia kwa jina la Peponi, mfasiri Ida Hadjivayanis. Kijana wa dukani akaniambia, "Dada, hicho kinatoka sana, chukua mapema." Kutoka sana si hoja kwangu, maana vitabu vya kutajirika haraka navyo vinatoka sana. Nikafungua katikati, nikasoma, nikafunua tena kwingine. Sikusikia Kiingereza kikikohoa chini ya sentensi. Nikalipa.

Ila jina kubwa peke yake halitoshi. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika, 1971, riwaya ya kukufanya upitilize kituo ndani ya daladala. Huyohuyo ndiye aliyeandika Nagona, 1990, kijitabu kisichofika kurasa mia, ambacho hadithi yake haiendi kwa njia iliyonyooka: ndoto, mafumbo, falsafa, unatoka umechanganyikiwa kisha unarudi mwenyewe. Mwenzangu mmoja ofisini alinunua cha pili kwa kuwa alikipenda cha kwanza. Angesoma ukurasa mmoja tu wa katikati angejua hakuna undugu. Akaja kuniuzia kwa nusu bei, analalamika zaidi juu ya wembamba kuliko mafumbo: "Hela yote ile kwa hiki?" Watu wanaopima riwaya kwa unene wananishangaza. Nagona nimeshairudia mara nyingi, na bado kuna kurasa tunazobishana, mimi nayo.

Juzi mwenzangu huyo kaja mezani kwangu kwa upole ambao si wake. Mwanawe yuko chuo, anasoma Kiswahili, kapangiwa Nagona. Anaomba nimwazime.

Nimemwelekeza duka.